Watu Tisa Waliodaiwa Kuvuka

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kazi kubwa imeingia! Mabamba matatu ya granaiti nyeusi, kila moja kimo cha mtu mzima. Tangu mume wangu afariki aniachie karakana hii, sijawahi kuchonga jiwe la serikali. Ni makaburi tu, moja baada ya jingine, Busia yote mpaka Rukala.

Mwalimu Zephaniah amekuja mwenyewe na suti yake ya kahawia, akakalia kigoda cha wateja bila kukipangusa vumbi. Alinifundisha Historia darasa la sita. Sasa amestaafu, ni katibu wa kamati ya ukuta. Ukuta wa Mashujaa wa Mpaka—ndilo jina lake. Utasimama Malaba, pale malori yanapoanza foleni, na utafunguliwa Jamhuri Dei, tarehe kumi na mbili Desemba. Mabamba mawili ni ya majina. La tatu ni la picha ya baiskeli, na juu yake maneno HAPA NDIPO BODA BODA ILIPOZALIWA.

Nimemuuliza listi ya majina iko wapi. Akasema Ijumaa. Lile swali lingine, kama jina la baba limo, sikuliuliza.

Niandike hapa, daftari halina masikio. Baba yangu Robinson Okwara alikuwa mtu wa baiskeli Malaba. Alibeba abiria kutoka geti hili hadi geti la Uganda, wakiitana "boda, boda". Desemba ya 1987, mpaka ulipofungwa, waendesha baiskeli tisa walipakiwa kwenye lori asubuhi peupe. Nilikuwa darasa la tatu. Wiki tatu baadaye baiskeli ilirudi nyumbani Matayos. Yeye hakurudi.

Baiskeli kwenye jiwe wanaitaka. Tuone kama wanamtaka mwenyewe.

Jumatano, 6 Novemba

Mteja mmoja kutoka Nambale amekuja na hasira. Jiwe la babake alichongewa na fundi mwingine hapa mjini. Lilikuwa na ufa, fundi akauziba kwa nta ya mshumaa na polishi nyeusi ya viatu, akalisugua likang'aa kama jipya. Jua la wiki tano likayeyusha nta yote, ufa ukatoka nje. Na herufi moja iliyokosewa ikatoka pia!

Nikamwambia ukweli wa kazi yetu. Anayetaka kuficha kabisa huziba kwa unga wa jiwe na gundi kali, na hiyo haitoki milele. Nta ni ya matapeli. Quinton fundi wangu, ambaye huongea maneno kumi kwa wiki, akasema, "Jua haihongwi, boss." Yamebaki saba.

Ijumaa, 8 Novemba

Listi imekuja. Imepigwa chapa, ina muhuri. Majina ishirini na tisa ya mabamba mawili. Machifu sita. Maaskofu wawili. Mchezaji mpira. Mzee mmoja aliyetoa shamba la soko—huyo sawa, namkubali. Nimesoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, kana kwamba nikianzia mwisho baba atatokea.

Hayupo. Hakuna hata mmoja wa wale tisa.

Bamba la baiskeli lina jina moja tu chini ya gurudumu. MZEE OKURUT, MWASISI WA BODA BODA MALABA. Huyu namjua. Alikuwa rafiki ya baba, Mteso wa Malaba. Ndiye aliyeleta baiskeli ile nyumbani akiisukuma kwa mkono, sijui kwa nini hakuipanda. Kilomita zote hizo.

Kuna maelezo pia ya kuchonga juu ya majina. Nakala ya kwanza ilisema watu wa mpaka "walivumilia miaka ya shida na hofu". Mtu amepiga mstari wa wino mwekundu. Sasa inasema "walipitia changamoto mbalimbali". Changamoto! Herufi kumi. Dakika arobaini nzima za mkono wangu, ili nisiseme kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeenda Matayos kumwona Mama. Huyu Selpher aliyenizaa, mwaka huu magoti yamekataa kabisa, lakini kichwa bado wembe. Alinikuta nimesimama kwa kaburi la baba nyuma ya jikoni.

Kaburi hili. Kwa watu wa huku halihitaji maelezo. Mtu akipotea mwili usionekane, anazikwa mgomba. Tulingoja miaka saba. Kisha wazee wakakata shina la mgomba refu kama yeye, wakalivisha koti lake la baiskeli, wakalilaza kwa jeneza, tukalia kama kawaida. Mchungaji alikataa kuja, akatuma salamu. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilitazama koti likishuka nikawaza, ndani ni mgomba, ndani ni mgomba, na bado nililia mpaka sauti ikakauka. Jiwe lake ndilo la kwanza nililochonga baada ya kuolewa na fundi. Herufi ya R imelala kidogo. Sijawahi kuirekebisha.

Nikamwambia Mama kuhusu listi. Akaniambia niende nimuulize Mwalimu, niulize vizuri, bila kelele. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa—kwamba nikiona karatasi yoyote yenye kidole chake, nisimchukie.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeiona karatasi.

Nilimuuliza Mwalimu Zephaniah bila kelele. Hakukasirika. Alitoa faili kwa mkoba, akaniwekea nakala juu ya jiwe ambalo nilikuwa nimeanza kulipima. Imeandikwa kwa taipu ya zamani. "Mimi Selpher, mke wa Robinson Okwara, nathibitisha kwamba mume wangu alivuka mpaka kwa hiari yake kwenda Uganda kutafuta kazi, na sina lalamiko." Chini, alama ya kidole gumba. Ziko tisa. Wake wanane na mama mmoja. Maneno yaleyale, koma kwa koma.

Akaniambia pole pole, kama bado niko darasani: kamati haiwezi kuandika kwamba watu wamekufa wakati familia zenyewe zilisema wamehama. Nikasema tumemzika. Akaniita kwa jina la binti yangu: "Mama Sharlyne, na wewe unajua mlizika nini."

Nilishika tindo kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nilitaka kumwambia atoke. Lakini ni yeye aliyeniinamia darasani akinifundisha kushika kalamu ya wino, na macho yake leo yalikuwa yakitazama sakafu. Mwishowe akasema kama nitapata shahidi aliye hai, mtu aliyeona kwa macho, aandikishe kiapo, basi yeye mwenyewe atakipeleka mbele ya kamati kabla ya mwisho wa mwezi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii imetembea miaka thelathini na kitu, na sasa inawekewa granaiti.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempigia Mama simu. Sikumuuliza kwa nini, akajibu mwenyewe. Naibu wa chifu alikuja na karatasi na wino. Aliwaambia wanawake anayesema mume wake amebebwa na lori, basi anasema serikali imemwibia mume, na watoto wa mtu kama huyo watasoma wapi? Anayetia kidole atarudishiwa baiskeli. Mama alikuwa na sisi wanne. Akatia kidole, na Okurut akatumwa kuileta.

Baiskeli ile aliikodisha kwa vijana wa soko. Ndiyo iliyonisomesha. Kwa hiyo na mimi nimekula kwenye karatasi ile. Leo sikuchonga kitu.

Jumamosi, 16 Novemba

Malaba. Nilienda kumtafuta Okurut.

Anakaa nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye maua ya makopo mlangoni. Amekuwa mzee mdogo, kama amepunguzwa kwa kisu. Alinisalimu, "Yoga," nikamjibu, "Yoga noi," ile Kiteso kidogo baba alitufundisha. Hakuuliza mimi ni nani. Akasema nimechukua paji la Robinson.

Chai ikaja. Barua ya kamati ilikuwa ukutani kwenye fremu: anaalikwa kama shujaa, atakaa viti vya mbele. Nikampongeza. Ndiyo, nilimpongeza! Kisha nikamweleza shida yangu. Nataka shahidi. Yeye alikuwepo siku ile?

Alikuwepo, lori aliliona kwa macho. Tena hakuwa pembeni. Yeye alishikwa siku mbili kabla yao. Naandika alivyosema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu magunia. Walimweka chumba fulani, hakusema wapi. Walitaka kujua ni nani wanavusha watu usiku na barua ndani ya mirija ya baiskeli. Alisema hajui. Akaonyesha mkono wake wa kulia: vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Siku ya pili alisema anajua.

"Niliwataja mimi," akasema. "Wote tisa. Wengine hata hawakuwa wamevusha mtu. Niliwataja kwa sababu ni majina nilikuwa nayo."

Nilisimama. Kikombe kilimwagika, sikukiokota. Nilitaka kumpiga mzee wa miaka themanini ndani ya nyumba yake, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikatoka hadi nje, nikatazama malori. Dereva mmoja alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Nikarudi ndani. Kwa sababu gani? Kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nawajua watatu tu kati ya tisa. Familia zingine zimehama, wengine wamekufa na mambo yao.

Nikamuuliza kama bado anayakumbuka majina.

"Hayo ndiyo maombi yangu ya kila asubuhi, binti ya Robinson."

Akayasema bila kusita. Niliandika kwa mgongo wa risiti, sasa nayahamisha hapa kama jiwe halitayapata:

Robinson Okwara. Owiti wa Rukala, aliyekimbia mafuriko akaja kutafuta mahali pakavu. Geoffrey Barasa. Paulo Omuse. Zakaria Emojong. Wilson Makokha. Yohana Ekisa. Fredrick Wandera, aliyekuwa na wiki mbili tu kwa kazi ile. Daudi Akwii, jina la mama yake, kwa sababu babake hakujulikana.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mtu aliyewataja ndiye pekee anayewakumbuka. Nifanye nini na jambo kama hilo? Nimchukie, na ndiye aliyenipa majina?

Jumanne, 19 Novemba

Nimeanza bamba la kwanza. Machifu. Mikono inajua kazi yake hata moyo ukikataa.

Quinton ameniuliza mbona nanung'unika. Nikamkumbusha ile likizo ya mwezi uliopita, tarehe kumi. Nilipomuuliza tunapumzikia nini alisema mazingira. Miaka ya juzi ilikuwa utamaduni. Nikiwa mtoto ilikuwa siku ya rais, tulisimama uwanjani tukiimba mpaka watoto wanaanguka kwa jua. Siku ni ileile. Wanabadilisha kibao tu. Na mimi ni mtu wa vibao, najua—kubadilisha kibao ni kazi ya mchana mmoja.

Quinton akasema, "Lakini wewe unakumbuka kuanguka."

Kweli. Goti la kushoto lina alama.

Ijumaa, 22 Novemba

Okurut amekuja Busia! Mwenyewe, na koti zuri. Nilimpeleka kwa Mwalimu Zephaniah, na mbele ya wakili amesema yote. Kuhusu lori, kuhusu chumba, kuhusu kuwataja. Hakujipunguzia hata neno. Wakili alipomuuliza kama anaelewa kwamba anajitia aibu, alijibu kwamba aibu ameishi nayo nyumba moja, wanajuana.

Mwalimu alikuwa anaandika. Katikati kalamu ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akaendelea kuandika. Wakati wa kutoka aliniambia jambo nje ya mlango. Kile kitabu kidogo cha historia ya mpaka wanachosoma watoto shuleni—yeye ndiye aliyekiandika. Kina mstari unaosema wakati wa kufungwa kwa mpaka "baadhi ya wakazi walihamia Uganda". Alikuwa na faili mbele yake. Alinakili faili.

Nikamwambia asante kwa kuniambia. Na kweli nilishukuru, ila pia nilikumbuka mstari ule. Nimeufundisha Sharlyne wangu nikimwandaa kwa mtihani.

Alhamisi, 28 Novemba

Jibu la kamati. Mwalimu alilileta kwa mdomo, si kwa barua.

Wamesikiliza. Wameguswa. Lakini Jamhuri Dei ni siku ya kuunganisha watu, si ya kufungua vidonda. Suala la wale tisa litaangaliwa awamu ya pili.

Nikauliza awamu ya pili ni lini. Akasema haina tarehe. Nikauliza Okurut je, bado ni shujaa baada ya yote aliyoyasema? Bado. Jina lake lilikwisha pitishwa, na kiapo chake kimewekwa kwa faili. Faili ileile! Karatasi ya kumi juu ya zile tisa.

Mwalimu alitaka kusema kitu kingine. Sikumpa nafasi. Niliwasha mashine ya kukata.

Jumapili, 1 Desemba

Matayos. Nilikuwa nimeamua nisimwambie Mama habari ya Okurut kuwataja. Ana umri wa kuachwa na amani. Hata dakika kumi sikuweza. Nikasema yote nikitazama sufuria.

Mama aliendelea kuchambua mrenda. Akasema alijua. Siku Okurut alipoleta baiskeli alishindwa kumwangalia usoni, na mtu anayesukuma baiskeli nzima kutoka Malaba mpaka Matayos bila kuipanda, huyo ana kitu.

"Yeye alitaja, mimi nikatia kidole," akasema, akiniita kwa jina langu la nyumbani. "Yeye alivunjwa mkono. Mimi hata sikuguswa, Nasambu. Niliogopa tu."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia anachotaka. Hataki pesa ya mtu, hataki hotuba, hataki hata kujua baba alilala wapi, hilo ameshamwachia Mungu. Anataka kabla hajafa, kuwe na mahali pamoja palipoandikwa kinyume cha karatasi ile. Ahakikishe kwa macho yake. Jiwe liseme alichokataa kusema yeye.

Nimerudi Busia nikihesabu majina kwa vidole.

Jumanne, 3 Desemba

Bamba la tatu. Baiskeli imetoka vizuri, nimeipa hata kengele. Jina la Okurut liko chini ya gurudumu la mbele. Chini yake kuna nafasi tupu, urefu wa mkono wangu, jiwe jeusi linalong'aa.

Okurut alipiga simu mchana. Alitaka nisilichonge jina lake. Nikamwambia limeshachongwa, na listi ina muhuri. Kisha akasema, "Basi waweke karibu na mimi. Niliwataja, wakae na mimi."

Jumatano, 4 Desemba

Nimewachonga.

Nilifunga mlango wa karakana saa nne asubuhi nikamwambia Quinton aende akatafute msasa, ingawa msasa upo. Majina tisa, herufi ndogo lakini za kina, tindo kwa tindo, bila mashine. Robinson Okwara nimemwandika wa mwisho. Safari hii R imesimama wima.

Granaiti nyeusi ikikatwa inatoa weupe. Herufi hazihitaji rangi. Zilinitazama kama meno.

Halafu hofu ikaniingia. Kamati inakuja Ijumaa kukagua. Wakiona, bamba litavunjwa, na mimi na karakana na Sharlyne aliye chuo... Nilikaa chini kwenye vumbi. Naibu wa chifu hayupo tena na bado nilimwona mlangoni na wino wake. Nimemwelewa Mama leo kuliko miaka yote niliyoishi.

Quinton alirudi jioni. Hakuwa na msasa. Alitazama jiwe, akayasoma majina yote polepole, midomo ikitembea. Wandera alikuwa ndugu ya mama yake! Miaka kumi na moja tumefanya kazi pamoja hakuwahi kusema. Akatoka tena. Alirudi na pakiti mbili za mishumaa, kopo la polishi nyeusi na mafuta ya kujipaka.

Alhamisi, 5 Desemba

Kazi ya matapeli, na mimi nimeifanya. Nta, polishi, na mafuta kidogo ili ilegee. Tumejaza herufi moja moja kwa kijiti, tukasugua kwa kitambaa mpaka jiwe likawa kitu kimoja. Hata mimi nikipitisha kidole sizihisi.

Nilihesabu hivi: Desemba ina mvua za hapa na pale. Januari jua linakuwa kali. Kufikia Februari nta itakuwa imetoka yenyewe, polepole, na wageni wote wamekwenda zao. Nani atakuja kuvunja ukuta uliokatiwa utepe? Na Mama nitampeleka Februari, akiwa na nguvu.

Quinton ndiye aliyechanganya. Nilimwambia mafuta kidogo. Sijui kidogo chake ni kiasi gani.

Ijumaa, 6 Desemba

Wamekagua. Wamesifu kengele ya baiskeli.

Mwalimu Zephaniah alibaki nyuma. Alisimama mbele ya nafasi tupu chini ya jina la Okurut, muda mrefu, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Akaniuliza mbona nimeacha nafasi kubwa hivyo. Nikasema ni ya awamu ya pili. Hakucheka. Alisaini karatasi ya kupokea kazi.

Jumatatu, 9 Desemba

Mabamba yamesimama Malaba. Saruji imekamata. Quinton alitaka tuyafunike kwa gunia jeupe, kamati ikaleta kitambaa chao, kizito, cheusi na chekundu na kijani. Upande mweusi ndio umeangukia bamba la tatu.

Mama amepiga simu. Anataka kuja Alhamisi. Nikamwambia hakuna cha kuona siku hiyo, asubiri Februari. Akaniuliza kama mimi ninayo Februari yake mkononi. Nimeshindwa na huyu mwanamke.

Alhamisi, 12 Desemba. Malaba

Naandika kwa goti, ndani ya hema. Nikikaa bure nitapiga kelele.

Saa tano na nusu. Mgeni rasmi alitakiwa saa tatu. Bado. Bendi imepiga wimbo uleule mara nne. Mama yuko kushoto kwangu, gauni la kijani, mkoba mapajani. Okurut viti vya mbele na kofia mkononi. Amemwona Mama. Amesimama, akaja hadi kwetu mbele ya wote. Mama alimtazama mpaka mimi nikaona haya. Kisha akasogeza mkoba wake, kiti cha pembeni kikawa wazi. Okurut ameketi hapo. Kamati wanamwita arudi mbele, anajifanya hasikii.

Saa sita. Mshereheshaji anasema kwenye spika kwamba mpaka huu umekuwa mpaka wa amani tangu uhuru, na walioishi hapa ni mashahidi. Mama amenishika kiganja.

Jua! Hakuna wingu hata moja, na jana kulinyesha. Sikuwahi kuona Desemba ya namna hii. Najua granaiti nyeusi inavyochemka ikiwa wazi. Chini ya kitambaa cheusi je?

Saa sita na robo. Nimemtazama Quinton kule kwa nguzo. Anatazama chini ya bamba la tatu. Nikafuata macho yake.

Kuna mstari mweusi. Umetoka chini ya kitambaa, unashuka kwa saruji nyeupe, mwembamba kama uzi. Sasa ni miwili.

Si Februari. Ni leo.

Nimefikiria kwenda na kanga ya Mama kupangusa. Nimefikiria kukimbia. Karakana. Sharlyne. Mama ananiuliza ile nyeusi ni nini, nami nikamwambia ukweli, kwa sikio: kwamba baba yuko nyuma ya kitambaa, na wenzake, na kwamba wanatoka. Ameanza kutafuta miwani kwenye mkoba.

Mwalimu Zephaniah ameona pia. Ameinuka kwenye meza ya kamati, leso mkononi. Anatembea kuelekea ukuta. Amefika, ameinama kidogo—hapana, hakupangusa. Amegeuka. Amesimama mbele ya michirizi, mgongo kwa jiwe, mikono nyuma. Suti ya kahawia imeiziba yote. Anatutazama. Sijui anamficha nani. Sisi, au wale tisa, au yule aliyenakili faili.

Ving'ora barabarani. Malori yanasukumwa pembeni. Watu wanasimama kuona magari, mshereheshaji anaomba wote tuketi.

Mama amevaa miwani. Ameshika bega la Okurut kwa mkono mmoja na langu kwa mwingine, na kwa magoti yale yaliyokataa mwaka mzima, anainuka kwenda kumsoma baba.